Kalenda ya Tope

Kwenye dirisha la chumba ninamoandikia pana chupa ya kioo yenye maji na udongo. Kila baada ya wiki kadhaa huitikisa, huirudisha mahali pake, kisha hukaa nikiitazama. Mchanga hutangulia. Kabla sijaondoa mkono kwenye kifuniko, chembe nene zimeshatua, kwa kuwa punje ya robo milimita hushuka sentimita mbili au tatu kwa sekunde. Tope laini hufuata, baadhi kwa dakika, baadhi kwa saa. Baada ya hapo maji hubaki na ukungu wa kijivu usiotaka kuondoka. Huo ni udongo wa mfinyanzi. Chembe yake yenye upana wa mikroni mbili, yaani elfu mbili za milimita moja, hushuka kama sentimita 30 kwa siku nzima, tena katika maji yaliyotulia yenye joto la chumbani. Maji yakikaribia kuganda huwa mazito zaidi kwa chembe kuyapenya, na mwendo huo hupungua hadi sentimita 17 hivi kwa siku.

Sasa chukua ziwa lenye kina cha mita 30, baridi kiasi hicho. Chembe ile ikianzia juu itahitaji karibu nusu mwaka kufika chini.

Hesabu hiyo ya nusu mwaka ndiyo iliyonifanya niyapende mashapo, yaani mchanga na tope lililotua chini, ya maziwa yaliyojazwa na maji ya barafu inayoyeyuka. Niliifanya nyuma ya bahasha, nikairudia nikidhani nimekosea, na tangu siku hiyo kipande cha udongo nilichokuwa nacho mezani kikawa kitu kingine kabisa.

Kipande chenyewe ni kikavu, urefu wake ni kama kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Nilipewa na mtu aliyekuwa akisafisha kabati la sampuli, na kibandiko chake kimefifia hata hakisomeki zaidi ya maneno mawili matatu: ziwa la barafu, mwisho wa Pleistosini. Ukikitazama upande uliokatwa unaona mistari. Mweupe, mweusi, mweupe, mweusi, kuanzia chini hadi juu, kila jozi ikiwa na unene wa milimita mbili hivi. Mstari mweupe ukiusugua kwa ukucha unakwaruza kidogo, maana una tope na mchanga mwembamba. Mweusi ni laini kama siagi iliyokauka. Kiangazi na majira ya baridi. Kila jozi ni mwaka mmoja, na wajiolojia huiita varvi, kutokana na neno la Kiswidi lenye maana ya mzunguko.

Mambo hutokea hivi. Wakati wa joto, barafu huyeyuka, mito iliyo chini yake hufurika, na maji huingia ziwani yakiwa yamebeba kila kitu kilichosagwa. Chembe nene hutua upesi na kujenga tabaka jeupe. Chembe laini haziwezi, kwa sababu upepo huyakoroga maji na mikondo huzirusha juu tena. Kisha baridi huingia. Mito husimama, uso wa ziwa huganda, upepo haugusi tena maji. Kwa miezi kadhaa ziwa lote hugeuka kuwa chupa yangu ya dirishani baada ya kuiacha, na ule ukungu wa mfinyanzi hushuka polepole gizani hadi utandaze utando mweusi juu ya kiangazi kilichopita. Msimu wa joto unaofuata huufunika kwa mstari mpya mweupe, na mpaka kati yao ni mkali kana kwamba umechorwa kwa rula.

Pleistosini, ile enzi ya barafu, ilianza miaka milioni 2.58 iliyopita na kuisha miaka 11,700 iliyopita. Ndani yake barafuto, zile barafu kubwa zinazotambaa juu ya nchi, zilipanuka na kusinyaa mara nyingi, zikifuata mabadiliko ya taratibu sana ya njia ya dunia kuzunguka jua na ya mwinamo wa mhimili wake. Katika kilele cha mwisho, miaka kama 21,000 iliyopita, barafu iliyofunika Kanada na kaskazini ya Marekani ilifikia unene wa kilomita tatu hivi, na maji yaliyofungiwa katika barafu za dunia yalishusha usawa wa bahari kwa takriban mita 120. Ni nguvu kubwa mno, lakini kama shahidi wa historia yake yenyewe, barafu haifai sana. Kila ilipoendelea mbele ilikwangua alama za safari iliyotangulia. Na inachokiacha chini yake ni mchanganyiko usio na mpango wowote: jabali kubwa kama nyumba limelala kando ya unga, kokoto ndani ya mfinyanzi, vyote vimeshindiliwa pamoja. Unaweza kujua kwamba barafu ilipita hapo. Mwaka gani, msimu gani, kwa haraka kiasi gani, mchanganyiko ule haukuambii.

Yaliyoandika habari hiyo ni maji yaliyotoka kwake. Maji hupanga. Yakipungua kasi huachia changarawe kwanza, kisha mchanga, kisha tope, na mpangilio huo ukishausoma huwezi kuuangalia tena ukingo wa machimbo ya mchanga bila kusimama. Mito iliyopita ndani ya mahandaki chini ya barafu iliyajaza mahandaki hayo changarawe, na barafu ilipotoweka yakabaki matuta marefu yanayopindapinda nchini kwa makumi ya kilomita, yaitwayo eska. Mbele ya barafu mito ilijigawa na kuungana tena kama nywele zilizosukwa, ikitandaza nyanda pana za changarawe. Maji yake yalikuwa na rangi ya maziwa kwa sababu ya unga wa miamba, kama yalivyo hadi leo maji yanayotoka kwenye barafuto za Iceland au Alaska. Unga huo ndio uliokuja kuwa mistari ya kipande changu.

Maziwa nayo yalizaliwa kirahisi. Barafu iliziba mabonde kama kizibo, au lundo la kifusi chake likawa boma, au ardhi iliyobonyezwa na uzito ule ikabaki bakuli lililoinamia kwenye barafu yenyewe, na maji hayakuwa na pa kwenda.

Mtu aliyetufundisha kusoma kalenda hii ni mwanajiolojia Gerard De Geer wa Uswidi. Mwaka 1878, akiwa kijana wa miaka kama 20, aliona kwamba mistari katika udongo inafanana na pete za miti, akajiuliza kama kila mmoja ni mwaka. Wengi huona jambo la namna hiyo, wakaliacha. Yeye alilishikilia kwa maisha yake yote. Njia yake ilikuwa nyepesi hata inashangaza. Alisafisha ukuta wa shimo la udongo kwa kisu hadi mistari ionekane, akabandika ukanda mrefu wa karatasi juu yake, na kwa penseli akaweka alama pale kila varvi ilipoishia. Akaenda shimo la pili, umbali wa kilomita moja hivi, akafanya vivyo hivyo. Kisha akaziweka karatasi mbili kando kwa kando na kuzisogeza juu na chini.

Miaka minene na myembamba ikalingana. Kiangazi kimoja cha joto kali kiliacha varvi nene katika shimo la kwanza na katika shimo la pili pia. Lakini shimo lililo kaskazini zaidi halikuwa na varvi za chini kabisa za shimo la kusini, kwa kuwa miaka ile mahali hapo palikuwa bado chini ya barafu. Tope haliwezi kutua palipokaa barafu. Kwa hiyo varvi ya chini kabisa katika kila shimo ni mwaka ambao barafu ilipaacha mahali pale. Panga mashimo kutoka kusini kwenda kaskazini, kila moja likimpandia mwenzake kidogo kama vigae vya paa, na utaona ukingo wa barafu ukirudi nyuma mwaka kwa mwaka.

Kila ninapolieleza jambo hili kwa mtu ambaye hajawahi kulisikia, mimi mwenyewe husisimka upya. Hakuna mashine hapo. Kuna kisu, karatasi na penseli.

Mwaka 1905 De Geer aliwatawanya wanafunzi wake katika nchi kaskazini na kusini ya Stockholm, kwenye mstari wa kilomita 200 hivi, kila mmoja na sehemu yake ya kupima. Mwaka 1910 aliwasilisha matokeo mbele ya kongamano la kimataifa la wanajiolojia lililofanyika Stockholm. Kabla yake, watu walipouliza enzi ya barafu iliisha lini, majibu yalikuwa ya kukisia. Yeye alikuja na hesabu ya miaka, mmoja baada ya mwingine, ya barafu ikiondoka Uswidi.

Palibaki tatizo moja. Mnyororo wa varvi ulikuwa unaelea. Ulijua umbali wa mwaka mmoja kutoka mwingine, lakini haukufungwa popote kwenye kalenda yetu. De Geer alitafuta ziwa ambalo mwaka wake wa mwisho unajulikana, na hapo ndipo inapoingia habari ya Ragunda.

Ragunda lilikuwa ziwa la urefu wa kilomita kama 25 katika Uswidi ya kati. Lilizuiwa na kifusi cha mchanga na changarawe kilichoachwa na enzi ya barafu, na maji yake yalitokea kwenye maporomoko makubwa yaliyokuwa yakiyavunja magogo ya wakata mbao. Magnus Huss alipewa kazi ya kuchimba njia ya pembeni. Aliichimba katika changarawe ile, na usiku wa tarehe 6 kuamkia 7 Juni 1796, mafuriko ya masika yakiwa juu, njia ilianza kujichimba yenyewe. Mchanga ambao maji ya barafu yaliupanga maelfu ya miaka iliyopita haukuwa na gundi ya kuushika. Kwa muda wa saa nne hivi ziwa lote likaisha. Maporomoko yalikauka, na hadi leo mahali pale panaitwa Maporomoko Mafu. Chini ya ziwa kukabaki sakafu ya tope lenye mistari, na mstari wa juu kabisa ulikuwa na tarehe.

De Geer alitarajia kwamba Ragunda lingekuwa msumari wa kuutundikia mnyororo wake. Hesabu ya hapo haikukubali kirahisi. Kazi ya kuufikisha mnyororo karibu na wakati wetu ilifanywa na mwanafunzi wake, Ragnar Lidén, katika bonde la mto Ångermanälven. Huko nchi iliyoondolewa mzigo wa barafu bado inapanda, na mto bado unaweka varvi mdomoni mwake, kwa hiyo zile za zamani zimeinuliwa nchi kavu zikisubiri kukatwa na kuhesabiwa. Sioni kwa nini jina la Lidén halitajwi zaidi. Kuhesabu varvi za mto maelfu kwa maelfu, bila kusaidiwa na ukingo wa barafu, ni uvumilivu wa daraja nyingine.

Nasema hivyo kwa sababu nimejaribu. Kipande changu nimekihesabu mara tatu kwa kioo cha kukuza. Nilipata 212, kisha 209, kisha 214. Kuna mahali mstari mweusi umekuwa mwembamba hata hujui kama ni mwaka au ni wiki ya baridi katikati ya kiangazi. Kuna mahali tope jeupe limegawanyika mara mbili, labda kwa dhoruba. Nilivyozidi kuwa makini ndivyo nilivyozidi kuwa na maswali. Mnyororo wa Uswidi wenyewe, ulipolinganishwa baadaye na vipimo vingine, ulionekana kupungukiwa na miaka ya mamia kadhaa. Na De Geer, uzeeni, alivuka mpaka wa njia yake. Alilinganisha varvi za Uswidi na za Amerika ya Kaskazini, hata za Himalaya, akiamini kwamba jua lilikuwa likiandika mwaka uleule kila mahali. Haikuwa hivyo. Kiangazi kizuri Stockholm hakidai chochote kwa upande wa pili wa bahari. Kosa hilo halipunguzi heshima niliyo nayo kwake, lakini lilichangia njia nzima kutiliwa shaka kwa miaka mingi, na hilo linanisikitisha.

Ernst Antevs, mwanajiolojia mwenzake wa Uswidi, alikuwa amesafiri na De Geer kwenda Amerika mwaka 1920, naye akabaki huko. Katika bonde la mto Connecticut, kaskazini-mashariki ya Marekani, alikuta udongo wa ziwa lililotoweka, liitwalo sasa Ziwa Hitchcock, ambalo lilienea kwa zaidi ya kilomita 300 nyuma ya boma la mashapo. Antevs alihesabu kwamba barafu ilichukua miaka kama 4,100 kurudi nyuma kutoka mji wa Hartford, kusini mwa bonde, hadi St. Johnsbury kaskazini. Waliomfuata wameunganisha mapengo aliyoyaacha, na leo mnyororo huo una varvi zaidi ya 5,000.

Katika Ziwa Hitchcock kuna jambo jingine ninalolipenda, nalo halihusu varvi. Mito iliyoingia ziwani ilijenga delta. Ndani ya delta, tabaka zilizoporomoka mbele hulala kwa mteremko, na juu yake changarawe ya mto hulala bapa. Pale bapa inapokutana na mteremko ndipo usawa wa maji ulipokuwa. Wajiolojia walipima mahali hapo katika delta nyingi pembeni mwa ziwa la zamani. Uso wa ziwa, bila shaka, ulikuwa tambarare. Leo alama zake zinapanda kuelekea kaskazini kwa takriban sentimita 90 kila kilomita moja. Nchi imeinuka baada ya kutuliwa mzigo, ikainuka zaidi kule barafu ilikokuwa nene. Delta zimekuwa pimamaji ya fundi, ila ya ukubwa wa jimbo.

Mashapo haya yameandika pia mambo ambayo wataalamu walikataa kuyasoma. Mwaka 1923 mwanajiolojia wa Marekani J Harlen Bretz aliandika kwamba nyika za mashariki ya jimbo la Washington, zilizochanwachanwa hadi kwenye mwamba mweusi wa volkano, zilichongwa na gharika moja kubwa kupita kiasi. Kuna maporomoko makavu pale, Dry Falls, yenye kimo cha mita 120 hivi na upana wa zaidi ya kilomita tano, bila mto. Mwaka 1927 alisimama katika mji mkuu, Washington, D.C., mbele ya wakubwa wa taaluma, nao wakampinga. Maji hayo yangetoka wapi? Mwanajiolojia mwingine, Joseph Pardee, alikuwa ameshaandika mwaka 1910 kuhusu ziwa kubwa lililozuiwa na barafu kule Montana, Ziwa Missoula, na mwaka 1940 akaeleza mawimbi ya changarawe yaliyo kwenye sakafu yake, mawimbi kama yale madogo ya mchanga chini ya kijito, ila haya yanafikia kimo cha mita 10. Boma la barafu lilikuwa limevunjika. Ziwa lenye zaidi ya kilomita za ujazo 2,000 lilikuwa limekimbia kuelekea nyika zile za Bretz. Bretz alipewa nishani ya Penrose, tuzo kubwa ya wanajiolojia wa Marekani, mwaka 1979, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 95.

Lakini lilikuwa limekimbia mara ngapi? Jibu lilikuwa katika korongo dogo karibu na mji wa Walla Walla, katika jimbo lilelile la Washington, lililochimbika ghafla mwaka 1926 maji ya umwagiliaji yalipoelekezwa vibaya. Kuta zake zina tabaka kama 40, kila moja ikianza kwa mchanga na kuishia kwa tope laini. Maji ya gharika yalifika kwenye mlango mwembamba wa mto, yakashindwa kupita yote kwa wakati mmoja, yakarudi nyuma katika mabonde ya kando na kutulia. Kwa muda mrefu tabaka hizo zilidhaniwa kuwa mapigo ya gharika moja. Mwaka 1980 mwanajiolojia Richard Waitt alionyesha kwamba kati ya tabaka na tabaka kulikuwa na muda. Kuna majivu ya volkano ya Mount St. Helens yaliyolala safi kati ya tabaka mbili, na kuna mashimo ya wanyama wadogo waliochimba katika ardhi kavu. Panya hachimbi nyumba katikati ya gharika. Ziwa lilijaa, likaiinua barafu kwa nguvu ya kuelea, likatoka, barafu ikarudi kuziba, ziwa likajaa tena. Mara kadhaa zikawa makumi.

Ninapofikiria bonde lile naona zile siku za utulivu zaidi kuliko gharika. Miaka kwa miaka nyasi zimerudi, wanyama wamerudi, majivu yanashuka kutoka angani. Na juu kule, nyuma ya barafu, maji yanapanda.

Udongo huu bado unafanya kazi chini ya miguu ya watu. Ziwa Agassiz, lililokuwa kubwa kuliko Maziwa Makuu ya Amerika yakijumlishwa pamoja, liliacha uwanda wa mfinyanzi ambao jiji la Winnipeg, Kanada, limejengwa juu yake. Mwaka 1913 huko Transcona, karibu na jiji hilo, ghala jipya la nafaka lilijazwa kwa mara ya kwanza. Mfinyanzi wa chini, uliotua chembe kwa chembe katika maji matulivu na haujawahi kubanwa na uzito wa barafu, ukasogea pembeni. Ghala likainama nyuzi 27 hivi bila kuvunjika. Wahandisi walilisimamisha tena na likatumika. Katika kipande changu naweza kuuhisi mfinyanzi wa namna hiyo. Nikiulowesha mstari mweusi kwa tone la maji, unateleza chini ya kidole, ilhali ule mweupe unabaki umeshika.

Sijakitaja bado kitu kimoja kilichomo katika kipande changu. Katika varvi ya 147 kutoka chini, kwa hesabu yangu ya kwanza, kuna jiwe la rangi ya waridi, ukubwa wa punje ya hindi. Hakuna mkondo uliolileta, kwa kuwa mkondo wa kubeba jiwe hilo ungeondoa tope lote linalolizunguka. Lilisafiri juu, limeshikwa ndani ya siwa la barafu lililojitenga na ukingo na kuelea ziwani, hadi barafu ilipoyeyuka na kuliachia. Mistari minne iliyo chini yake imebonyea pale lilipogonga. Mistari ya juu imelifunika kidogo kidogo, kwanza ikipanda mgongoni mwake, kisha ikinyooka, na baada ya miaka sita huoni tena kwamba kuna kitu chini.

Nimelitazama kwa kioo mara nyingi nikitaka kujua msimu. Nusu yake ya chini imezama, na ukingo wake umezungukwa na tope jeupe pande zote. Mweusi wa mwaka huo unapita juu yake, mzima, haujakatika. Lilianguka kiangazi.